Klasi dhahania au intafesi kwa mfumo wa mizigo ya mwaloni?

KijanaWaIgoma:
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninaandika kwa lugha ya Java programu ndogo ya kutunza kumbukumbu za mizigo inayopokelewa mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, na nimeshaandika klasi (violezo vya kuundia objekti, yaani vitu vya ndani ya programu) za Sangara, Sato na Dagaa. Zote zina mmiliki, tarehe ya kupokelewa na bei ya siku, lakini kila moja hukokotoa thamani kwa njia yake, kwa kuwa sangara na sato hupimwa kwa kilo ilhali dagaa nawahesabu kwa gunia. Nilifundishwa kwamba intafesi (interface) hutaja methodi, yaani kazi ambazo klasi hufanya, bila kuandika mwili wake, yaani maagizo yenyewe. Hata hivyo, tangu Java 8 ilipotoka mwaka 2014, intafesi inaruhusiwa kuwa na methodi chaguo-msingi (default) zenye mwili kamili. Ikiwa ni hivyo, klasi dhahania (abstract), ile isiyoundiwa objekti moja kwa moja bali hurithiwa na klasi nyingine, imebaki na kazi gani?

FundiNyegezi:
Imebaki na kazi ya kutunza data ya kila objekti. Klasi dhahania inaweza kuwa na sehemu za data zinazobadilika, na ina konstrakta, yaani msimbo unaoendeshwa objekti inapoundwa, kwa hiyo unaweza kuhakikisha mahali pamoja kwamba hakuna mzigo unaosajiliwa bila mmiliki. Intafesi haina konstrakta, na sehemu yoyote ya data utakayoitangaza ndani yake huwa ni thabiti ya pamoja, iliyo wazi kwa wote na isiyobadilishwa. Methodi chaguo-msingi ikitaka jina la mmiliki haina pa kulisoma, isipokuwa iite methodi nyingine ambayo Sangara, Sato na Dagaa zitalazimika kuiandika kila moja kivyake. Andika klasi dhahania Mzigo yenye mmiliki, tarehe na bei, kisha uache thamani() iwe methodi dhahania, isiyo na mwili, ili kila klasi iandike ya kwake.

BintiMsimbo:
Nakubaliana na Fundi kuhusu Mzigo, lakini hapo si mwisho wa safari. Klasi ya Java hurithi klasi moja tu, ilhali inaweza kutekeleza intafesi nyingi kadiri inavyohitaji. Tuseme kesho mwenye ghala anataka kutoza gharama za barafu: sangara na sato wabichi hulazwa kwenye barafu, dagaa waliokaushwa juani hawalazwi. Ukiiweka methodi ya barafu ndani ya Mzigo, Dagaa atalazimika kujibu swali lisilomhusu, ama kwa kurudisha sifuri ama kwa kutupa hitilafu. Tengeneza intafesi HuhitajiBarafu, Sangara na Sato waitekeleze, na hata maziwa yakiletwa kwenye chumba kilekile cha baridi yataitekeleza bila kujifanya samaki.

Methodi chaguo-msingi hazikuletwa ili kuua klasi dhahania. Wenye Java walitaka kuongeza methodi mpya, forEach kwenye Iterable na stream kwenye Collection, ambazo ni intafesi za zamani za makusanyo ya data. Bila njia hiyo, kila klasi duniani iliyotekeleza intafesi hizo kwa mkono ingegoma kukompailiwa, yaani kutafsiriwa kuwa programu inayoendeshwa. Tazama pia walivyopanga maktaba yao wenyewe: List ni intafesi, AbstractList ni klasi dhahania iliyokwisha kuandika kazi za kawaida, na ArrayList huirithi AbstractList. Msimbo wa nje hutaja List peke yake. Mimi huufuata mpangilio huo karibu kila mara.

MsafiriKamanga:
Niongeze tahadhari. Konstrakta ya Mzigo isiite thamani() kamwe. Konstrakta ya klasi ya juu, yaani inayorithiwa, hutangulia, kwa hiyo itakapoiita methodi hiyo, idadiYaMagunia ya Dagaa itakuwa bado 0 na thamani itatoka 0, bila kompaila kulalamika wala programu kusimama. Kosa la namna hiyo hugunduliwa na mwenye mzigo. Kwa upande wa intafesi, mbili zikileta methodi chaguo-msingi yenye saini ileile (jina na aina za vigezo), kompaila itakataa mpaka klasi yako iandike ya kwake. Lakini methodi hiyo ikiwa imeandikwa pia kwenye klasi ya juu, ya klasi ndiyo hushika.

KijanaWaIgoma:
Nashukuru sana, wakuu. Barafu nimeitoa ndani ya Mzigo. Je, klasi ya ripoti, ambayo kazi yake ni kujumlisha thamani tu, ipokee Mzigo au intafesi?

BintiMsimbo:
Ipokee intafesi yenye thamani() peke yake, na Mzigo itekeleze intafesi hiyo. Utaona faida yake utakapoijaribu ripoti: intafesi yenye methodi dhahania moja unaweza kuijaza kwa lamda, yaani methodi fupi isiyo na jina, ya mstari mmoja inayorudisha 50000, bila kubuni mmiliki wala tarehe. Klasi dhahania haikubali lamda hata kama ina methodi dhahania moja tu.