Muvi naisubiri tangu 2019, imeangukia siku moja kabla ya send-off ya shemeji. Nifanyeje wakuu?

Fundi wa Mwanjelwa

Wakuu habari za humu, nawasalimu kutoka Mbeya kwenye mvua isiyokata. Nina jambo linanitesa, najua wengine mtacheka ila chekeni mkimaliza mnishauri. Mimi ni fundi simu pale Mwanjelwa, nina miaka 33, mke mmoja mtoto mmoja. Sinywi, sivuti, mpira naangalia kwa kupita tu, ulevi wangu ni muvi basi.

2019 Avengers Endgame ilivyotoka sikuwa na hela ya kwenda popote nikaenda kuiangalia kibanda umiza. Kopi yenyewe ni ile mtu kairekodi na kamera humo humo ukumbini, mara kichwa cha mtu kinakatiza mbele, mara watu wa huko wanacheka na sisi hatujui wanachekea nini, na juu yake DJ anatafsiri. Tumebanana kwenye mabenchi masaa matatu mbele ya TV ya chogo, tumefika pale Tony Stark kashayaweka yale mawe mkononi anataka kupiga vidole, umeme huo ukakata. Kibanda kizima yowe kama tumefungwa goli dakika ya 90. Tumekaa gizani mpaka saa 5 usiku haukurudi, kesho yake nikaambiwa na mteja huku natengeneza simu yake kwamba stelingi alikufa. Baadae nimeiangalia yote kwenye simu sijui mara ngapi lakini kile kipande kilishaniharibikia.

Sasa Avengers Doomsday imepangwa kutoka Ijumaa 18 Desemba 2026, Robert Downey Jr. anarudi ila safari hii sio Tony, ni Doctor Doom, yaani adui kabisa. Nikaapa hii naenda Dar naikalia sinema ya ukweli, siku ya kwanza, kabla mtu hajaniharibia tena. Kibubu nimekianza mwaka jana kina laki 3 na ushee, wife hajui.

Tatizo: wiki iliyopita wamekaa kikao Tukuyu, send-off ya mdogo wake wife ni Jumamosi tarehe 19 Desemba, na mimi ndio shemeji mkubwa, nimepewa usafiri na vinywaji. Halafu wife anataka tubadilishe king'amuzi kuna tamthilia ya Kituruki inakuja imeingizwa Kiswahili hataki kuikosa, namwambia hela hakuna huku nakiangalia kibubu juu ya kabati.

Niende nisiende? Na nikienda nawaaga vipi? Matusi hapana.

Kamwene wa Kihesa

Kamwene mkuu. Yaani vinywaji viko mikononi mwako halafu wewe uko Mlimani City unakula bisi? Watu wa Tukuyu hao, utaitwa kwenye kikao mpaka uzeeke.

Binti Kyela

Mimi nimeishia hapo kwenye kibubu. Kaka yangu, mwenzio anaomba king'amuzi cha kuangalia kila siku jioni baada ya kupika na kuogesha mtoto, tena mnaangalia wote, we una laki 3 umeificha kwa ajili ya masaa matatu peke yako gizani. Na bahati mbaya tunajuaga. Hicho kibubu keshakinyanyua akakitikisa akakirudisha, anasubiri tu useme mwenyewe.

Kijana wa Tunduma

Acheni kumtesa jamaa, siku hiyo hiyo inapatikana kwenye magrupu, buku tu unarushiwa kwenye flashi

Fundi wa Mwanjelwa

@Kijana wa Tunduma umesoma kweli nilichoandika au umeona neno muvi ukaruka nalo? Hiyo ya flashi ndio ile ya vichwa vya watu.

Konda Mstaafu

Nimefanya njia ya Dar Mbeya miaka 11 ngoja nikupe hesabu. Desemba kwenda Dar hakuna shida, gari zinashuka na nafasi kibao. Kurudi ndio kazi, kila mwenye kwao anapanda kuja kula Krismasi, siti unakata mapema sana. Sasa we unataka muvi ya Ijumaa. Chukulia umeingia ya saa 6 mchana, unatoka kwenye saa 9 hivi, unakimbilia stendi unapanda ya usiku maana siku hizi zinatembea, asubuhi uko Mbeya, Tukuyu ni kama kilomita 70 unawahi hata kupiga pasi shati. Kwenye karatasi inawezekana kabisa. Ila mlima wa Kitonga hausomi karatasi. Fuso moja ikilala kwenye kona foleni inaenda mpaka Ruaha Mbuyuni, mtakula mahindi ya kuchoma hapo mpaka jua linatoka, na funguo za stoo ya bia unazo wewe mfukoni.

Mzee wa Sizoni, Njombe

Wote mmejibu send-off, ngoja mimi nijibu muvi.

Mkuu kosa lako la kwanza ni kuiamini tarehe. Hiyo Doomsday mwanzo iliwekwa 1 Mei 2026, baadae wakaisogeza Desemba. Avatar ya tatu ilikuwa itoke Desemba 2024 ikaja kutoka 19 Desemba 2025, mwaka mzima. Mwaka 2023 waandishi wa Hollywood waligoma kuanzia Mei, Julai waigizaji nao wakagoma, ratiba zikavurugika na watu tukakaa kusubiri sizoni mpaka tukasahau nani alimuua nani. Kwa hiyo usije ukagombana na ukweni kwa ajili ya tarehe ambayo wenye muvi yao wenyewe wanaweza kuihamisha.

La pili, 18 Desemba hiyo hiyo imepangwa Dune ya tatu, mashabiki wameshaipa hiyo siku jina Dunesday. Umeshapanga utaingia ipi kwanza? Nilijua.

La tatu ndio la maana. Nenda Julai. The Odyssey ya Christopher Nolan inatoka 17 Julai, ile ya Odysseus anayehangaika kurudi nyumbani baada ya vita, Matt Damon ndio stelingi, na wameipiga yote kwa kamera za filamu za IMAX, zile za skrini kubwa kabisa, hiyo ukiiangalia kwenye simu ni kama kunywa chai ya Rungwe iliyopoa. Halafu 31 Julai inaingia Spider-Man Brand New Day. Muvi kubwa haitoki ukumbini ndani ya wiki mbili, kwa hiyo ukishuka mwisho wa mwezi unaziwahi zote mbili kwa nauli moja. Na utachekea mwenyewe, Tom Holland na Zendaya wamo kote kote, Ijumaa unawaona kwenye buibui, Jumamosi unawakuta Ugiriki ya kale, Tom ni mtoto wa Odysseus. Julai hiyo sisi huku Njombe tunaota jiko na masweta mawili, Dar unaenda kuanika mifupa.

Doomsday iangalie baada ya send-off, hata tarehe 27, itakuwa bado ipo. Jitoe tu kwenye magrupu yote wiki hiyo.

Fundi wa Mwanjelwa

@Mzee wa Sizoni ndaga fijo, hiyo ya nauli moja muvi mbili sikuwaza kabisa. Shida 31 Julai ndio tunapanga meza uwanjani Uyole, Nane Nane inaanza kesho yake, na mimi siku hizo nauza chaja na kava kuliko miezi mitatu ya kawaida. Dogo wa dukani namwamini kwenye kuuza, kwenye chenji simwamini.

Na ya kujitoa kwenye magrupu, kazi yangu ni simu za watu. Wateja wananiletea spoila mkononi, unafungua simu ya mtu kuijaribu kioo unakutana na status.

Kamwene wa Kihesa

Hahahaa hiyo ya status imenimaliza. Ondoka Alhamisi usiku, Ijumaa buibui, Jumamosi mchana hiyo ya Nolan, Jumamosi usiku gari, Jumapili asubuhi uko mezani kwako Uyole. Dogo anakaa na chenji siku mbili, atakuibia elfu 20, iweke kwenye bajeti.

Binti Kyela

Na mkeo? Au yeye anabaki kuangalia ukuta?

Fundi wa Mwanjelwa

Wakuu narudi na mrejesho. Jana usiku umeme umekatika tumekaa tu nikaona bora niseme. Binti Kyela upewe maua yako, alikuwa anajua, anasema mwezi wa tatu huu, na alikuwa anajua mpaka kiasi. Tumekivunja. King'amuzi tunachukua wiki hii, kinachobaki kinaendelea kukaa, tarehe 19 Desemba nipo Tukuyu na kreti zangu mchana kutwa, na Julai tunashuka wote, mtoto anabaki kwa bibi yake Uyole. Doomsday nitaisikilizia baada ya Krismasi, Mungu anisaidie na status za wateja.

Kaniuliza swali moja sikuwa na jibu. Yeye kazoea za Kiswahili, anasema huko sinema nani atakuwa anatafsiri?

Konda Mstaafu

Wewe hapo ndio Lufufu wetu. Ila tafsiri kwa kunong'ona, watawatoa.