Mapunye ya mtoto hayaondoki, na paka naye ana mabaka. Naomba ushauri (Pemba)

UmmuSalha:
Assalamu alaykum ndugu zangu. Mwanangu wa darasa la pili ana mapunye kichwani. Yalianza baka dogo nyuma ya sikio, sasa yametapakaa. Nywele zinakatika karibu na ngozi, zilobaki zina rangi ya kijivu, na akijikuna unamwagika ukoko kama unga wa muhogo.

Duka la dawa wamenipa tyubu ya kupaka. Mwanzo ilimtuliza, muwasho ukapungua. Nikiacha tu yanarudi makubwa zaidi. Sasa utosini pana uvimbe laini, ukiubonyeza unatoa usaha. Jirani anasema ni jipu, lipasuliwe.

Nyumbani kuna paka kazaa, na kitoto chake kimoja kina upara masikioni na puani. Babu yao naye ana ndama mwenye magamba meupe kuzunguka macho. Je, yote haya ni ugonjwa mmoja? Baba yao anataka paka wakatupwe sokoni, watoto wanalia. Ustadhi wa chuoni ameomba mtoto akae nyumbani kwanza. Nisaidieni, nina wasiwasi sana.

MwanaWete:
Pole dada. Sisi utotoni tulipakwa kibiriti upele na mafuta ya nazi, wengine maji ya betri. Yaliondoka.

TabibuMkoani:
Maji ya betri ni asidi, tafadhali asiyapake mtu yeyote kichwani mwa mtoto. Nimeona kichwa kilichoungua hivyo na nywele hazikuota tena.

Dada, mapunye ni fangasi, na fangasi wa kichwani huingia ndani ya nywele mpaka kwenye shina lake. Dawa ya kupaka haifiki huko, iwe ya dukani au kibiriti upele. Choa cha mkononi au tumboni unaweza kukitibu kwa krimu ya klotrimazoli, ukapaka mpaka wiki moja baada ya kupotea. Cha kichwani kinataka vidonge.

Hebu soma hiyo tyubu. Ukiona betamethasoni au klobetasoli, hiyo ni steroidi. Inatuliza wekundu na muwasho, huku fangasi anaendelea kukua kwa sababu kinga ya ngozi imelazwa. Ndiyo maana ukiacha yanarudi makubwa. Tyubu za namna hii zinauzwa sana na watu wanazisifia kwa siku chache za mwanzo. Iache leo.

Huo uvimbe usikubali upasuliwe kabla hajaonwa na daktari. Mara nyingi si jipu, ni mwili unapambana na fangasi kwa nguvu. Unatibiwa kwa vidonge vilevile, na ukichelewa unaacha kovu lisiloota nywele. Mpeleke wiki hii.

Hospitali wakwangue magamba na nywele zilizokatika. Maabara wanaweka tone la potasiamu haidroksaidi, linayeyusha ngozi na nywele, nyuzi za fangasi zinaonekana kwa darubini. Majibu hutoka siku ileile. Kuotesha fangasi kunachukua wiki kadhaa, lakini ndiko kunakosema ni fangasi gani hasa. Hata pasipo na kipimo, daktari akiona kichwa cha namna hiyo anaweza kuanza dawa.

MgangaWanyama:
Natibu mifugo Unguja. Kitoto cha paka ulichokieleza kinanipa shaka kubwa ya fangasi aitwaye Microsporum canis. Huyu hutoka kwa paka kwenda kwa watoto kirahisi, na paka mkubwa anaweza kumbeba bila baka lolote mwilini. Kwa hiyo wachunguzwe wote, mama na vitoto. Taa ya Wood, yenye mwanga wa urujuanimno (ultraviolet), inafanya nywele nyingi zenye fangasi huyu zing'ae kijani gizani, ila zisipong'aa usiseme amepona.

Ndama ni habari nyingine. Magamba yale mazito machoni na shingoni kwa kawaida ni fangasi mwingine, Trichophyton verrucosum. Wengi wanapona wenyewe baada ya miezi, lakini nao huambukiza, hasa mikono ya anayekamua na kufunga kamba. Babu avae glavu, na ndama atengwe na wenzake.

Kumtupa paka sokoni ni kuwapelekea ugonjwa watoto wa wengine, na nyumba yako inabaki na vimelea vilevile. Vinaishi kwenye manyoya yaliyodondoka, mikeka na mito kwa miezi mingi. Watengeni paka chumba kimoja kinachofagilika, sakafu ifutwe kwa jiki iliyozimuliwa, shuka zifuliwe. Na msimpe paka vidonge vya mtoto. Dozi yake anaipanga daktari wa wanyama.

BiMkubwa_Kae:
Wangu alipewa vidonge vya fangasi, griseofulvini. Daktari alisisitiza anywe na chakula chenye mafuta, nikawa nampa na mchuzi wa nazi au maziwa ya ng'ombe. Nywele zilianza kuota mapema, nikashawishika kusimamisha. Daktari akakataa katakata, tukaendelea mpaka mwisho.

UmmuSalha:
Nimesoma tyubu, ni betamethasoni kweli. Nimeiweka mbali. Vidonge ni vya muda gani? Na chuoni arudi lini?

TabibuMkoani:
Griseofulvini kwa kawaida ni wiki sita hadi nane, kwa uzito wake, hivyo apimwe kilo kwanza. Usinunue kwa kukisia. Akishaanza vidonge anaweza kurudi chuoni na skuli, ila kofia yake, kitana na taulo viwe vyake peke yake, na mashine ya kinyozi isafishwe kila baada ya kichwa. Ndugu zake nao waoshwe nywele kwa shampuu ya ketokonazoli mara mbili kwa wiki. Na kama wewe nawe utahitaji vidonge na una mimba, mwambie daktari, maana dawa hii mjamzito haitumii.

UmmuSalha:
Allah awalipe kheri. Kesho asubuhi tunakwenda Hospitali ya Chake Chake. Paka wako chumba cha uani, na baba yao amekubali wabaki.