Anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku afanye mazoezi saa ngapi?

Mhasibu wa Kimara anauliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Nina umri wa miaka 43, ni mhasibu katika ofisi iliyopo Posta, na makazi yangu ni Kimara. Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri ili niwahi basi la mwendokasi kabla watu hawajajaa kituoni, na jioni nafika nyumbani saa mbili, au saa tatu tukiwa tunafunga hesabu za mwezi. Hivi karibuni nilipimwa shinikizo la damu likasoma 146 kwa 94, na daktari akanitaka nipunguze chumvi na kufanya mazoezi ya mara kwa mara, kisha nirudi kwake baada ya miezi mitatu. Chumvi tumeipunguza. Mazoezi ndiyo yaliyonishinda: nililipia jimu nikaenda mara nne tu, kisha nikajaribu kuamka saa kumi usiku ili nikimbie, nikawa nasinzia mbele ya kompyuta kila siku baada ya chakula cha mchana. Naomba wenye ratiba kama yangu wanieleze, muda mliupata wapi?

Mtembea kwa Miguu anajibu:

Pole, kaka, na hongera kwa kupima mapema. Kwa miaka kadhaa nilitafuta saa nzima iliyo wazi, na kwa mtu anayeishi pembezoni mwa Dar es Salaam na kufanya kazi mjini, saa hiyo haipo. Hatimaye niliyaingiza mazoezi ndani ya safari yenyewe. Asubuhi nateremka kituo cha Fire badala ya kwenda na basi hadi mwisho, kisha natembea kwa haraka hadi karibu na Posta ya Zamani, na kwa mwendo wangu ni kama dakika 25. Raba nazivaa tangu nyumbani, viatu vya kazini vinakaa chini ya meza yangu, na shati safi naliacha limetundikwa ofisini, kwa sababu joto la Februari haliruhusu mtu kukaa kutwa na shati alilotembea nalo. Siku tano zinanipa dakika 125, na matembezi ya Jumapili pamoja na watoto yananifikisha kwenye 150, ambazo ndizo kiwango cha chini cha wiki ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima.

Muuguzi wa Zamu anajibu:

Ushauri huo ni mzuri, ila mimi ni mwanamke, na mtaa wetu hauna taa. Sitamshauri dada yeyote atembee peke yake gizani kwa ajili ya mazoezi. Mimi nafanyia uani. Wali ukishakauka maji na nikaupalia makaa, naruka kamba, nachuchumaa na kusimama mara kumi na tano, napiga pushapu nikiwa nimeegemea ukuta, na kurudia mzunguko huo hadi wali uive. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 uliondoa sharti la awali kwamba zoezi lidumu angalau dakika kumi mfululizo ndipo lihesabiwe, kwa hiyo hata ngazi za ofisini zinaingia kwenye hesabu yako, kaka. Mwongozo huo huo unataka mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, na kutembea peke yake hakutoshi kwa hilo. Ukitaka kujua kama mwendo wako unafaa, uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Kwa shinikizo lako, usibane pumzi unapotumia nguvu, na kifua kikikubana, acha mara moja uende hospitali. Usiuibe usingizi, tafadhali. Kulala kidogo kila siku nako kunahusishwa na shinikizo la juu.

Baba wa Watatu anajibu:

Kwangu tatizo lilikuwa makubaliano ya nyumbani kuliko saa. Nilikuwa najiamulia kukimbia Jumamosi asubuhi, huku mke wangu akibaki na watoto, maji na soko, na alipolalamika alikuwa na haki. Tulikaa tukagawana: Jumamosi natoka mimi, Jumapili anatoka yeye na wenzake, na anayebaki ndiye anayeandaa chai. Tangu hapo sijakosa Jumamosi nyingi, kwa sababu nikilala najua nimepoteza zamu ambayo mwenzangu amenilindia.

Mhasibu wa Kimara:

Nawashukuru sana. Nimezungumza na mke wangu jioni hii, na tumekubaliana kwamba Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nitateremka Fire, na Jumamosi tutaruka kamba uani pamoja na watoto. Wiki ya kufunga hesabu nitabaki na ngazi za ofisini, ghorofa nne, asubuhi na mchana. Dada muuguzi, nitaandika pia vipimo vyangu vya kila wiki kwenye daftari ili daktari avione nitakaporudi. Raba nimeshaziweka mlangoni.