Naomba ushauri: hita ikiwaka, presha ya maji inapanda sana

Habari zenu wakuu. Nipo Arusha, nina hita ya umeme ya lita 80. Tangu fundi bomba afunge valvu ya kuzuia maji kurudi karibu na mita, hita ikiwaka presha inapanda. Asubuhi geji inasoma baa 3. Baada ya nusu saa inafika 7, na valvu ya usalama inadondosha maji tone kwa tone mpaka kopo nililotega linajaa. Nikifungua koki ya maji baridi kidogo tu, inashuka ghafla. Nahisi maji ya moto yanatanuka na hayana pa kwenda.

Fundi anataka kuziba valvu ya usalama. Nimekataa kabisa, hita inaweza kupasuka na nina watoto. Je, tangi dogo la upanuzi litasaidia? Liwe la lita ngapi?