Subaru Impreza WRX ya mwaka 2002 yenye kilomita 218,000: nianzie wapi kuiongezea nguvu hapa Mbeya?

Mpanda Loleza (Mbeya)

Wakuu, habari za huko mliko. Ninamiliki Subaru Impreza WRX ya mwaka 2002, ya gia za mkono, yenye injini ya EJ20 ya lita 2 na tabo (kifaa kinachosukumia hewa zaidi ndani ya injini), ambayo ililetwa kutoka Japani ikiwa imekwisha kutumika. Odometa inasoma kilomita 218,000, na aliyeniuzia hakuwa na kumbukumbu yoyote ya matengenezo isipokuwa stika ya kubadilisha oili iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango. Nimelipenda gari hili tangu nikiwa mwanafunzi na sina nia ya kuliuza. Ninachotaka ni lirudie uzima wake, kisha liongezewe nguvu kwa kiasi kinachovumilika.

Dalili zake ni hizi. Asubuhi za baridi, hasa Juni na Julai, hutoa moshi wa bluu kwa muda mfupi baada ya kuwaka, kisha moshi unakata. Ninapopanda barabara ya Chunya mshale wa joto hupita katikati, na hushuka nikifika penye tambarare. Gia ya pili inakwaruza nikiiingiza kwa haraka, na upande wa mbele kuna mlio wa kugonga ninapovuka matuta. Nguvu ipo, lakini si ile niliyoionja nilipoendesha gari la aina hii Dar es Salaam.

Nimetenga shilingi milioni 4. Marafiki wananishauri nianze na eksozi pana, filta ya hewa ya wazi na kifaa cha kuongeza presha ya tabo, na kuna fundi aliyeniambia kwamba vyote vitatu vinafungwa kwa siku moja. Naomba ushauri wa wenye uzoefu na injini hizi, hususan wanaoishi huku kwetu milimani.

Fundi wa Uyole

Karibu, mdogo wangu. Nimefungua injini nyingi za EJ20, na ninakuomba kwa dhati usifunge hata kimoja kati ya vifaa hivyo kabla hujaijua hali ya injini yenyewe. Gari lisilo na kumbukumbu lichukuliwe kuwa halijawahi kufanyiwa chochote. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni taimingi belti, yaani mkanda unaopatanisha mwendo wa pistoni na wa valvu, ambayo kwa magari haya ya soko la Japani hubadilishwa kila kilomita 100,000. Katika injini hii pistoni na valvu hupishana katika nafasi ileile, hivyo belti ikikatika valvu zinagongwa na kupinda, na hapo milioni 4 zako hazitatosha. Ukiibadilisha, badilisha pia rola zake, kikazio chake na pampu ya maji, kwa sababu pampu hiyo inazungushwa na belti hiyohiyo na gharama ya kufungua sehemu ya mbele ya injini utakuwa umekwisha kuilipa.

Kazi ya pili ni kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zote nne, injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa, pedali ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho na betri imejaa chaji. Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi wa kwetu hawalizingatii. Mbeya ipo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa ya hapa ni kama asilimia 81 tu ya ile ya pwani. Silinda ambayo geji ingeipa psi (kipimo cha presha) 160 kule Dar es Salaam itasoma karibu 130 hapa, bila kuwa na ugonjwa wowote. Nimeona injini zisizo na ugonjwa zikifunguliwa na kuwekewa ringi mpya za pistoni kwa sababu tu fundi alilinganisha namba ya geji na namba ya kitabu, na jambo hilo linaniuma, maana injini iliyofunguliwa bila sababu mara chache hurudi ilivyokuwa. Kinachosema ukweli ni tofauti baina ya silinda na silinda. Zote nne zikikaribiana, tulia. Tatu zikisoma 130 na moja ikasoma 95, hapo pana kazi.

Silinda dhaifu ikipatikana, usikubali ule mtindo wa kumimina oili kidogo ndani na kupima tena. Katika injini ya Subaru silinda zimelala, oili inakusanyika upande wa chini na hailizunguki ringi lote, kwa hiyo majibu yake hayaaminiki. Afadhali ipulizwe hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zimefungwa, kisha usikilize: hewa ikitokea kwenye mdomo wa kujazia oili ni ringi, ikitokea kwenye eksozi ni valvu ya kutolea moshi, na mapovu yakionekana kwenye rejeta ni gasketi ya hedi.

Moshi wa asubuhi unaokata upesi haunitishi sana, kwa sababu silinda zikilala hivyo oili hupenya kidogo usiku kucha. Ungekuwa unatoka wakati tabo inasukuma, ningekuwa na neno jingine. Lakini angalia kiwango cha oili kila wiki bila kukosa. Injini hizi zikiishiwa oili huua beringi za kranki bila kutoa onyo la kutosha, na baadhi yake zina kichujio kidogo ndani ya bolti ya bomba linalopeleka oili kwenye tabo, ambacho kikiziba tabo inakufa kwa kukosa oili.

Kuhusu joto: kwa mwinuko wetu maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, wala hayafiki 100. Injini inaokolewa na mfuniko wa rejeta unaoshikilia presha. Mpira wa mfuniko ukichoka, maji yanaanza kuchemka karibu na joto lilelile ambalo feni ya rejeta huwaka. Anza na mfuniko, kisha themostati, kisha rejeta isafishwe, na uweke kulanti badala ya maji ya bomba.

Mnyalukolo wa Kihesa (Iringa)

Ninaunga mkono yote aliyoyasema fundi, ila sikuona mtu akizungumzia breki, na mimi ningeziweka mbele ya kila kitu isipokuwa belti. Sisi wa Iringa tunaishi na mteremko wa Kitonga. Ninyi mna mteremko wa Iwambi, ambao hauhitaji maelezo kwa mtu yeyote wa Mbeya. Gari lenye nguvu linafika juu ya mteremko likiwa na kasi kubwa kuliko gari la kawaida, na breki zake zina umri uleule wa gari.

Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani mwaka hadi mwaka. Mafuta mapya ya DOT 3 huchemka kwenye nyuzi 205, na yaliyokwisha kunyonya maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Ya DOT 4 huanzia 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa yamechoka. Diski na pedi katika mteremko mrefu hupata moto unaozidi namba hizo zote, na moto huo ukifika kwenye mafuta yakachemka, pedali inazama hadi chini na gari halisimami. Kumwaga mafuta yote ya zamani, kuweka DOT 4 mapya na kutoa hewa kwenye magurudumu yote manne ni gharama ndogo mno ukilinganisha na eksozi. Kagua pia mipira ya breki iliyo karibu na magurudumu: ikivimba unapokanyaga, presha inapotelea humo. Na hata baada ya hayo yote, teremka kwa gia.

Mlio wa mbele kwenye matuta mara nyingi ni linki za stabilaiza, na baada ya hapo bushi za mikono ya chini. Inua gari, tikisa kila kiungo kwa nondo, utaona chenye mchezo. Shokapu zikivuja zibadilishwe mbili mbili, na usinunue za mtumba kwa gari hili, kwa sababu hujui zimetembea kiasi gani. Tairi nazo usizisome kwa kashata pekee. Tazama namba nne za mwisho za mhuri wa DOT ubavuni: 2317 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2017, na tairi ya umri huo imekauka hata kama kashata zake bado ni ndefu.

Mchambuzi wa Njombe

Wenzangu wamesema vizuri. Mimi nitatofautiana nao kidogo kwa kusema kwamba kutaka nguvu si kosa, na swali la muuliza linastahili jibu upande huo pia. Gari lisilo na tabo likipanda kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya linapoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Gari lenye tabo linaweza kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, lakini fidia hiyo ina bei, na bei yenyewe hailipwi pwani.

Chukua mfano wa injini inayotakiwa kupata presha kamili (ya hewa ya kawaida pamoja na ya tabo) ya bari 1.8. Pwani hewa inayoingia ina bari 1.01, kwa hiyo tabo inaizidisha takriban mara 1.8. Mbeya hewa inayoingia ina bari 0.82 au 0.83, hivyo ili kufika palepale tabo inapaswa kuizidisha karibu mara 2.2. Inazunguka kwa kasi zaidi, hewa inatoka ikiwa ya moto zaidi, na hewa ya moto ndiyo inayosababisha petroli kulipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda. Kumbuka pia kwamba gari la soko la Japani lilipangwa kwa petroli ya oktani ya karibu 100, ambayo si ile tunayojaza kwenye vituo vyetu. Ukiongeza kifaa cha kupandisha presha juu ya hayo, kwenye tabo yenye kilomita 218,000, unaikaribia hatari kutoka pande tatu kwa wakati mmoja.

Filta ya wazi ina tatizo lake. Injini hii inapima hewa kwa sensa iliyo kwenye bomba la kuingizia, na kipimo chake kimefungamana na upana wa bomba lile. Ukibadilisha bomba, kompyuta inaweza kudhani hewa ni kidogo kuliko ilivyo, ikapunguza petroli wakati inapohitajika zaidi. Valvu ya kupumulia nje, ile inayotoa mlio ambao vijana wanaupenda, huleta kinyume chake: hewa iliyokwisha kuhesabiwa inatupwa, na petroli inazidi.

Ikiwa kompresheni ni nzuri na joto limetulia, njia ninayoiheshimu ni eksozi ya kipimo cha wastani, kisha kompyuta ipangwe upya na mtu mwenye mita ya uwiano wa hewa na petroli, huku gari likiendeshwa hapahapa milimani. Injini ikienda taratibu uwiano ni 14.7 kwa 1. Tabo ikisukuma kwa nguvu unatakiwa uwe karibu 11 kwa 1. Fundi asiyekuonyesha namba hizo amekisia. Usisahau kwamba giaboksi ya gia 5 ya gari hili inajulikana kuwa dhaifu, na gia yako ya pili imekwisha kuanza kulalamika. Oili mpya ya gia inaweza kupunguza mkwaruzo, lakini haitaiongezea uimara.

Mpanda Loleza (Mbeya)

Shikamoo mzee wangu fundi, na ninawashukuru nyote, ndaga fijo. Nimeahirisha kifaa cha presha na filta ya wazi. Nitaanza na belti, pampu ya maji, mfuniko wa rejeta na mafuta ya breki, halafu kompresheni ndiyo iamue kuhusu eksozi. Ninaomba kujua jambo moja: je, kompresheni ipimwe kabla ya kubadilisha belti au baada yake? Na plagi mpya niziweke sasa, au zisubiri?

Fundi wa Uyole

Marahaba, mdogo wangu. Pima kwanza, ukiwa umejiridhisha kwamba alama za taimingi zimekaa mahali pake, kwa sababu belti iliyoruka jino moja hushusha kompresheni na unaweza kuzilaumu ringi bure. Baada ya belti mpya rudia kipimo na uandike namba zote mbili. Ikiwa kipimo cha kwanza kitaonyesha silinda iliyokufa, fedha ya belti utakuwa hujaitoa bado, na tutazungumza kuhusu injini nzima. Plagi mpya ziwekwe mwisho, na za zamani usizitupe wala usizifute: zifunge kwenye karatasi, kila moja na namba ya silinda yake, uje nazo gereji tuzisome rangi.