Mama amegoma kuangalia Sultan tangu Mustafa auawe. Nimwambie kuwa ni kisa cha kweli?

Binti wa Makorora

Habari za jioni wadau, naombeni ushauri na naomba msinicheke maana hapa nyumbani jambo limekuwa zito. Mama yangu ana miaka 63, ile tamthilia ya Kituruki ya Sultan pale Azam, ya Sultan Suleiman, kaifuatilia tangu Hurrem, aliyekuja kuwa mke wa Suleiman, analetwa kwenye kasri mtumwa tu analia hajui hata lugha ya watu, sisi watoto tunaingia tunatoka lakini yeye hakosi, umeme ukikatika anakwenda kwa jirani mwenye sola, na marudio anaangalia vilevile. Mustafa, mtoto wa Suleiman aliyezaliwa na mwanamke mwingine, Mahidevran, alikuwa kipenzi chake. Kamuona mtoto mdogo mpaka kawa mwanaume wa ndevu, akitokea tu mama anasema "mwanangu huyo kaja", na siku Hurrem anampangia njama mama halali vizuri.

Sasa siku ile ya hema, mlioangalia mnajua. Mama alianza kuongea na TV mapema kabisa, Mustafa yuko juu ya farasi huku yeye anamwambia rudi baba, rudi, usiende huko. Waliompenda wote wamemkataza, yeye kashikilia kwamba baba yangu ameniita, siwezi kumkimbia baba yangu. Kafika kavua silaha, kaingia mwenyewe, wale wanyongaji mabubu wako ndani na kamba zao, anapigana nao peke yake na baba yake yupo palepale nyuma ya pazia. Mama alisimama akaita "Suleiman!" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, mtoto wa dada aliyekuwa amelala akaamka analia. Halafu akakaa chini, sio kwenye kochi, chini kwenye mkeka, akajifunika khanga kichwa kizima akalia kilio cha msibani kabisa. Nilidhani atanyamaza baada ya muda kidogo lakini ilikwenda mpaka taarifa ya habari ikaisha.

Hii ni wiki ya pili. Saa ya Sultan ikifika anaondoka anakwenda kukaa uani. Na baba ndo kaharibu zaidi, alisema "ufalme una mambo yake, angemuacha angepinduliwa", tangu hapo mama anampakulia chakula anamuwekea anaondoka, hawazidishi salamu. Juzi usiku nikamkuta jikoni peke yake hajawasha hata taa, akaniambia, "Nimewafundisha nyie wote saba kwamba mzazi akikuita unaitika, na unakwenda, hata kama umenuna unakwenda. Yule naye alifunzwa hivyohivyo. Akaenda." Mi sikuwa na jibu, nikabaki naosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Sasa swali langu ni hili. Mama anaamini ni hadithi ya kutungwa, anasema aliyeitunga hana mtoto huyo. Mimi nimesoma nikaona Mustafa alikuwepo kweli na aliuawa kweli na baba yake. Nimwambie au nitakuwa namuongezea maumivu? Na nyie wenzangu mlipita vipi hapo, maana hata mimi mwenyewe nikikumbuka lile pazia nguvu zinaniisha.

Msusi wa Mbagala

Pole sana mdogo wangu na mpe mama pole yake. Mi siku ile nilikuwa saluni, nina mteja nusu ya kichwa ameshasukwa nusu bado, wasusi watatu tumesimama na rasta mkononi hakuna anayesuka. Yule mteja ana harusi kesho yake lakini hakusema hata "jamani malizieni", yeye ndo alikuwa analia kuliko wote. Ilipoisha hakuna aliyeongea kwa muda mrefu, tukasikia tu fundi wa mlango wa pili naye anapenga kamasi, mwanaume mzima wa kuchomelea mageti.

Mi ninachokuambia usimharakishe. Mtu umeishi naye miaka ndani ya sebule yako, kila siku saa ileile anakuja, mashoga zangu wengine siwaoni mara nyingi kama nilivyokuwa namuona Mustafa. Hivi ataondoka tu bila kuliliwa? Mwache akae uani. Ila la kumwambia kwamba ni kweli, hapo mi nasita.

Jicho Moja

Mi nasema ukweli hata kama nitachukiwa. Hii ni tamthilia, yule muigizaji baada ya kunyongwa alinyanyuka akaenda kula. Watu wanafiwa na watoto wa kuwazaa hospitali huko, sisi tunamlilia Mturuki wa kwenye TV wiki mbili na ndoa ya wazee inayumba. Mkae na mama mumuambie hivyo kwa upole, aangalie vitu vingine. Na baba yako hakukosea, enzi zile hata sheria ya kwao iliruhusu anayekaa kwenye kiti kuwaua ndugu zake ili nchi isigawanyike, Mehmed yule aliyeiteka Istanbul ndo aliiandika. Mustafa angekuwa sultani angeanza na watoto wote wa Hurrem. Hurrem naye ni mama, mngetaka afanyeje?

Mzee wa Maktaba

Jicho Moja, kuhusu sheria uko sawa, ilikuwepo. Lakini hiyo ni ya kaka na mdogo wake wakigombea kiti. Hapa baba ndiye aliyemuita mwanawe, na kinachowauma watu ni hicho.

Binti, shikamoo zangu zimfikie mama (mimi mdogo kwake kwa miaka michache). Nakupa yale ambayo yameandikwa ili ukiamua kumwambia uwe nayo kamili, usimpe nusunusu. Mustafa alizaliwa 1515, aliuawa Oktoba 1553, kwa hiyo alikuwa na miaka 38, si kijana mdogo. Alikuwa gavana wa Amasya. Baba yake alikuwa safarini na jeshi kwenda kupigana na Uajemi, kambi ikapigwa karibu na Eregli upande wa Konya, ndipo alipoitwa. Zilikuwa zimepelekwa habari kwamba anaandikiana na Shah wa Uajemi, na Rustem Pasha, mkwe wa Hurrem, ndiye aliyeshika bango. Mustafa alionywa kweli kwamba asiende, hilo halikutiwa na waandishi wa tamthilia. Alikwenda kwa sababu aliamini akionekana mbele ya baba yake uso kwa uso maneno yote yatakwisha. Na la pazia nalo limesimuliwa tangu zama hizo, mabalozi wa Ulaya waliokuwa kule waliliandika.

Alafu mama ajue kwamba hata wakati ule watu walilia. Majanisari, yaani askari wenyewe wa Sultan, walichachamaa mpaka Rustem akavuliwa uwaziri papo hapo ili wapoe. Akarudishwa 1555, na hapo ndipo mimi huwa nakasirika hadi leo. Mshairi mmoja askari, Yahya wa Taslica, akatunga ombolezo la Mustafa, na hilo lilikuwa jambo la kuhatarisha shingo yake. Na Cihangir, yule mdogo mwenye kibiongo, mtoto wa Hurrem mwenyewe, alikufa wiki chache baadaye huko Aleppo, wengi wameandika kwamba ni huzuni ya kaka yake. Kwa hiyo bibi anayelia Makorora yuko kwenye foleni ndefu na ya heshima. Mimi nasema mwambie.

Umm Salim

Assalam alaykum. Mie niko Muscat, asili yangu Unguja. Sie huku tuliiangalia zamani kwa Kiarabu ikiitwa Harim as-Sultan, wengine washaimaliza mara mbili, na nikwambie kila nyumba ilikuwa na matanga siku ile. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mzima wa miaka 80, hakusema kitu, aliinua mikono akamsomea Fatiha palepale mbele ya TV. Mjukuu wake akamwambia bibi huyu si anaigiza tu, akamjibu, "Huyu anaigiza, mwenyewe yumo kaburini Bursa, na mimi namuombea mwenyewe."

Sasa hilo ndilo jibu langu kwako mwanangu. Mama yako hivi sasa amebaki na kilio kisicho na pa kukipeleka, kwa sababu anadhani anamlilia mtu asiyekuwepo, na ukimlilia mtu asiyekuwepo huwezi kumuombea, huwezi kumkhitimia, hakuna unachoweza kumfanyia. Mwambie ni mtu wa kweli, Muislamu, ana kaburi, yuko kwenye makaburi ya Muradiye pale Bursa, Uturuki. Waturuki wenyewe kile kipande kilipoonyeshwa kwao 2014 walikwenda kumiminika kwenye lile kaburi kumuombea, miaka zaidi ya 450 baada ya kufa. Mpe mama mtu wa kumuombea.

Na wewe Jicho Moja mwanangu, huyo mama ana watoto saba na miaka 63, usidhani hajui kufiwa ni nini.

Jicho Moja

Umm Salim nimekuelewa mama yangu, samahani kwa nilivyolisema. Sikulifikiria hilo la dua.

Baba Wawili

Nimesoma hii mada tangu jana sijaandika kitu, naandika sasa. Mimi ni mwanaume nina watoto wawili, mkubwa wa kiume ana miaka 22 yupo Morogoro, tulikosana mwaka jana mwezi wa nane kwa mambo ya chuo, pesa ya ada aliifanyia kitu kingine. Nilimuita nyumbani mara tatu. Hakuja. Mi nikawa naambia watu mtoto amenidharau, nimemuita hajaja, na kila mtu ananiunga mkono kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu.

Siku ile ya Mustafa mke wangu na binti yangu walikuwa wanamuangalia Mustafa, mimi macho yangu yalikuwa kwa Suleiman. Yule mzee kakaa nyuma ya pazia, hatua chache tu, angenyoosha mkono lingefunguka. Nikajiuliza hivi mwanangu anapoona simu yangu inaita anaona nini, anaona baba au anaona hema? Maana na mimi nilipokuwa namuita nilishapanga cha kumfanya akifika, sikuwa namuita nimsikilize. Mustafa alikwenda kwa sababu bado alimuamini baba yake. Wangu hakuja kwa sababu ananijua.

Asubuhi nilipanda basi la saa kumi na mbili pale Mbezi nikaenda mimi. Sikupiga simu. Nilimkuta anafua, akaniona akasimama na povu mikononi, hajui akimbie au asalimie. Yaliyobaki ni yetu wawili. Binti, mwambie baba yako sijamtukana, ila hilo la "ufalme una mambo yake" asiliseme mbele ya mama tena, ni neno linalotisha mtoto akilisikia.

Msusi wa Mbagala

Baba Wawili umenitoa machozi upya na nilikuwa nimeshamaliza.

Binti wa Makorora

Wadau nimerudi, asanteni sana wote. Umm Salim, shikamoo mama, maneno yako nilimsomea mama kama yalivyo.

Nilimwambia jana baada ya isha. Nilianza taratibu, mama unajua Mustafa alikuwepo kweli, akaninyamazia, nikaendelea yote ya Mzee wa Maktaba, Amasya, Eregli, askari walivyochachamaa, mshairi. Nilidhani atalia tena, hakulia. Akauliza, "Na mama yake?" Katika yote hakuuliza Sultan ilikuwaje, hakuuliza Hurrem alifia wapi, kauliza mama yake tu. Nikaingia mtandaoni palepale mbele yake nikamsomea. Kwamba Mahidevran alihamia Bursa, na hata mjukuu wake, mtoto mdogo wa kiume wa Mustafa, naye aliuawa. Kwamba aliishi kwa dhiki miaka mingi, kodi ya nyumba ilimshinda, watumishi wake wakienda sokoni wanadhihakiwa. Baadaye ndo madeni yake yakalipwa akanunuliwa nyumba, na Selim alipokuwa sultani akamjengea Mustafa kaburi zuri, huyohuyo Selim mtoto wa Hurrem, na mama mtu akaweka wakfu wa kulitunza. Akafa 1581, akazikwa hapohapo kwa mwanawe.

Mama akahesabu kwa vidole. "Toka hamsini na tatu mpaka themanini na moja. Miaka ishirini na nane." Akarudia tena ishirini na nane. Akasema, "Alikaa karibu naye basi." Akanyanyuka akaenda kutawadha ingawa alikuwa ameshaswali, akakaa kwenye msala muda mrefu.

Leo Alhamisi kapika mikate ya maji kapeleka madrasa, kawaambia watoto wamsomee Mustafa bin Suleiman, mwalimu akamuuliza ni ndugu yenu wa wapi, akamjibu wa Bursa. TV bado hajaiangalia na sijamlazimisha. Baba alimsikia akitaja jina lile mlangoni, hakusema kitu, kavaa kofia akamfuata kumbebea sinia.