Mshtakiwa wa mauaji akiwa mwanamke, habari ihaririwe vipi?

MhaririZamu
Wakuu, habari ya mahakamani imefika mezani. Washtakiwa wawili wa mauaji, mwanamume na mwanamke. Mwandishi kaanza na "mrembo", gauni alilovaa, halafu picha ya Instagram akiwa ufukweni. Mwanamume anatokea aya ya nne, jina na umri basi. Nikifyeka naambiwa hakuna atakayeisoma. Mnaishikaje habari ya namna hii?

KaliYaMeza
Anza na shtaka: kosa gani, mahakama ipi, na kila mmoja anadaiwa kufanya nini hasa. Hapo kwenye "nini hasa" ndipo wengi wanateleza. Chukua kesi ya Monica Kimani, aliyeuawa Nairobi Septemba 2018. Mmoja wa washtakiwa, Jacque Maribe, alikuwa mtangazaji wa Citizen TV, kamera zikamwandama kila alipofika kortini. Februari 9, 2024 Jaji Grace Nzioka alimtia hatiani mshtakiwa mwenzake, Jowie Irungu, na kumwachia Maribe, akisema alishtakiwa kwa kosa lisilo lake. Labda angeshtakiwa kwa kuwapa polisi taarifa za uongo. Mwandishi ambaye tangu mwanzo angeuliza "huyu anadaiwa kufanya nini?" angekuwa na habari nzito kuliko ya mavazi.

Picha: tumia ya siku hiyo mahakamani, wote kwa ukubwa uleule. Kama unayo ya mmoja tu, weka ya jengo la mahakama. Ile ya ufukweni haina uhusiano na shtaka, itupe.

WakiliKona
Naongeza ya huku Tanzania, maana kuna sentensi mbili zinanichosha. "Alikaa kimya bila kuonyesha majuto." Jamani! Shtaka la mauaji likisomwa mara ya kwanza mbele ya hakimu, mshtakiwa haruhusiwi kujibu chochote kwa sababu mahakama hiyo haina mamlaka ya kuisikiliza kesi; ni ya Mahakama Kuu. Kukaa kimya ni utaratibu. Nyingine ni "amenyimwa dhamana". Mauaji huku hayana dhamana kisheria, hakuna aliyemnyima. Kenya ni tofauti, Ibara ya 49 ya Katiba yao inairuhusu. Maribe aliipata Oktoba 2018, Jowie akakataliwa.

Fuatilia pia hati ya mashtaka ikibadilika. Mwigizaji Elizabeth Michael "Lulu" alianza na shtaka la mauaji baada ya mwigizaji mwenzake Kanumba kufariki Aprili 7, 2012, likageuzwa kuwa kuua bila kukusudia, na 2017 akafungwa miaka miwili. Anayemwita "muuaji" baada ya hapo hajasoma hati. Na umri wake ulibishaniwa, 17 au 18. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hilo mhariri hawezi kuliruka.

MhaririZamu
Nimeelewa, asanteni. Na "mpenzi wa marehemu"? Kuna kesi uhusiano ndio chanzo kinachodaiwa.

KaliYaMeza
Uandike pale upande wa mashtaka unapoutaja, ukiwa na "unadai" mbele yake. Jina la utani usiliguse. "Foxy Knoxy" lilikuwa la Amanda Knox, Mmarekani aliyeshtakiwa kwa mauaji huko Italia, tangu utotoni, kwenye soka. Baada ya Meredith Kercher, Mwingereza aliyekuwa akiishi naye nyumba moja, kuuawa Perugia 2007, magazeti ya Uingereza yakalitumia kama vile ni tabia yake. Rudy Guede, mshtakiwa mwingine wa mauaji hayo, ambaye vinasaba vyake vilikutwa chumba cha marehemu, hakuandamwa hivyo. Knox aliachiwa moja kwa moja Machi 2015.

Kesi hiyohiyo ina onyo la siku ya hukumu. Oktoba 3, 2011 tovuti ya Daily Mail ilirusha habari iliyoandaliwa mapema kwamba rufaa yake imegonga mwamba, hadi alivyolia imo, wakati alikuwa anaachiwa huru kwa mara ya kwanza (uamuzi huo ulitenguliwa baadaye, ndiyo maana kesi ikafika 2015). Jaji alianza na kosa la kumsingizia mtu, ambalo lilibaki, wakadhani ndiyo yote. Andaa matoleo mawili, na usibofye mpaka kila shtaka lisomwe. Akiachiwa, fungua habari zote za nyuma kwenye tovuti yenu, weka tarehe na uamuzi juu kabisa, maana msomaji akitafuta jina lake huangukia ile ya siku ya kukamatwa.